Alama za uaminifu zinapeleka kazi za siri kwa jirani: zinarekebishika?

mashini_za_katuba (Lubumbashi)

Jambo wakubwa. Mtanivumilia kwa urefu, maana swali hili ukilikata fupi linageuka swali lingine.

Tuko na klasta ya maskini: kompyuta za ofisi zilizochoka, zote Linux, zote chini ya HTCondor, programu ya kugawa kazi kwa kompyuta nyingi. Ziko sehemu tatu. Kuna za kwetu katika chumba cha watu wa jiolojia. Kuna za Katuba, kwenye kituo kinachofundisha vijana. Mchana wanafundishia, usiku wanatuachia. Na kuna za Kampemba, kwa maabara ya watu binafsi inayopima madini. Hao wana mashini nzuri na jenereta. Tumepatana kusaidiana: wakizidiwa wanatumia zetu, tukizidiwa tunatumia zao.

Kazi nzito ni za jiolojia. Wana data za mashimo ya foraji (uchorongaji), kila mita na asilimia yake ya shaba na kobalti. Kutokana na hizo wanakadiria kilichomo kwenye sehemu za mlima ambazo hazijachimbwa. Mlima unakatwa vipande maelfu, kila kundi la vipande ni kazi moja. Jioni zinatawanywa, asubuhi zinakusanywa. Data za mashimo si za kuchezea. Katika mji huu, ukijua kabla ya wenzako shimo gani limetoa shaba nzuri, umeshajua kibali cha kuombea ni cha wapi.

Profesa wetu (mzee mwema, lakini akisoma makala moja sisi wiki nzima hatulali) alikuta kuna waandishi wa kupanga kazi kwa uaminifu. Kila kazi inatajiwa kiwango cha usalama inachodai, kila nodi (mashini ya klasta) inapewa kiwango cha uaminifu, na skedula, yaani mgawaji wa kazi, inapeleka kazi pale tu ambapo uaminifu unatosha dai. Mwanafunzi wake akaandika skripti. Nodi ikimaliza kazi inaongezewa pointi, kazi ikipotelea kwake inanyang'anywa. Namba inaingia kwenye tangazo la mashini, yaani maelezo yake ambayo skedula inayasoma, kazi zinachagua.

Sasa angalieni. Katuba umeme unakatika karibu kila usiku, basi mashini zake zimeshuka mpaka chini, zinaonekana kama za wezi. Kampemba jenereta inanguruma, hawapotezi kazi, wako juu. Kwa hiyo kazi zenye dai kubwa la usalama, zile za mashimo, zote zinamiminika Kampemba. Kwa maabara ambayo wateja wake ndio hao hao wanaotafuta vibali! Sisemi wanachungulia. Ni watu wa heshima, na meneja wao ananiita mdogo wake. Nasema tu kwamba kama yuko mtu Lubumbashi mwenye sababu ya kuchungulia, skripti imemtafuta ikampelekea mzigo mlangoni.

La pili. Juzi kundi moja la vipande lilihesabiwa mara mbili, maana jibu la kwanza lilichelewa kufika na kazi ikarudiwa kwingine. Kipande kimoja kimetoka na shaba 2.31%, mara nyingine 2.87%. Data ile ile, programu ile ile.

Je, alama hizi zinarekebishika au tunatwanga maji kwenye kinu? Na nodi iliyodanganya nitaijuaje?

---

seva_na_chai (Nairobi)

Weka kila kazi ndani ya kontena, boksi la programu lililotengwa na mashine, yaishe. Apptainer, programu ya kontena, haihitaji root (mamlaka kamili ya mashine) kuiendesha, na kazi, ukiifunga vizuri, haioni kitu cha nje. Kampemba hawataona data zenu, nanyi hamtaona zao. Hizo alama futa, ni urembo tu.

---

mzee_wa_foleni (Morogoro)

Ndugu wa Nairobi, kontena inamlinda mwenye mashine asidhuriwe na kazi. Haimlindi mwenye kazi data yake isionwe na mwenye mashine. Aliye na root pale Kampemba anafungua kontena kama anavyofungua folda, na programu ikiwa inakimbia anaweza kusoma kumbukumbu yake yote. HTCondor ina amri ya `encrypt_execute_directory`, nayo inafaa diski ikiibwa. Root wa mashine iliyowaka bado anaona kila kitu. Kuna prosesa zilizotengenezwa kwa shida hii hasa, kama AMD EPYC zenye SEV. Intel nao walikuwa na SGX, wakaiondoa kwenye prosesa za kompyuta za mezani kuanzia kizazi cha 11. Kwa kompyuta za ofisi zilizochoka, sahau.

Sasa mwenye mada. Hesabu ya kijana haina neno. Ila namba yake moja imebebeshwa mambo yasiyohusiana: kama nodi itabaki hai mpaka asubuhi, kama jibu lake ni la kweli, na kama mwenye nodi atasoma asichopaswa. Katuba wana shida ya kwanza tu, mmewahukumu kwa ya tatu. Kampemba hawana ya kwanza, mkawasafisha na ya tatu.

Nadhani profesa amekutana na ukoo wa Azzedin na Maheswaran, wa 2002 na kuendelea, au Song, Hwang na Kwok wa 2006. Mwambie awasome tena polepole. Kwa Song na wenzake, kazi ikipelekwa mahali ambapo dai linazidi uaminifu, inaweza kushindwa, na uwezekano wa kushindwa unapanda kadiri pengo linavyopanuka. Ikishindwa, inapangwa upya kwenye nodi salama. Hatari wanayoihesabu ni ya kazi kuharibika. Inahesabika kwa sababu inatengenezeka: umepoteza saa kadhaa, unarudia. Data ya shimo ikishasomwa na mtu, utaipanga upya wapi? Kwa siri, skedula haina cha kupima. Ina orodha ya mahali panaporuhusiwa na pasiporuhusiwa, na orodha hiyo anaiandika mwenye data.

Kilichonikaa kooni lakini ni kingine. Umesema namba inaingia kwenye tangazo la mashine. Anayeandika tangazo la mashine kwenye HTCondor ni mashine yenyewe. Mwenye root akiweka `Uaminifu = 100` kwenye faili la usanidi, kolekta, inayokusanya matangazo, inapokea bila swali. Mnawauliza watu kama ni waaminifu na kuandika wanachojibu.

Mashine zinajiungaje na klasta yenu? Kila moja na tokeni yake (kitambulisho chenye saini), au nenosiri moja kwa wote?

---

hesabu_za_kivu (Bukavu)

Jambo ndugu wa Lubumbashi. Mimi nashika hilo la 2.31 na 2.87.

Tofauti hiyo ni kubwa mno kuisingizia desimali. Prosesa mbili zisizofanana, au maktaba mbili za hesabu, zinaachana huko mwishoni mwa tarakimu, siyo kwenye desimali ya kwanza. Kwanza uliza kama programu inatumia namba za bahati nasibu. Kama ni uigaji usiofungwa mbegu moja (namba ya kuanzia), majibu mawili ni haki yake. Kama ni kriging ya kawaida, yaani kukadiria kwa wastani wenye uzito wa sampuli za jirani, jibu lazima liwe moja, na hapo ningekimbilia RAM kabla ya kumshuku mtu. Piga memtest, programu ya kupima RAM, usiku kucha kwenye mashini zote mbili. Kwetu ilikuwepo moja yenye kumbukumbu mbovu: inawaka, inamaliza kazi, inarudisha upuuzi kwa adabu zote. Kwa skripti yenu hiyo ingekuwa mwanafunzi bora, kwa sababu mnahesabu waliomaliza, si waliopata.

Watu wa kompyuta za kujitolea walipambana na hili zamani. SETI@home ya Berkeley, mradi wa kutafuta ishara za viumbe wa angani, ilianza 1999, ikaacha kugawa kazi mwaka 2020. Miaka yote hiyo ilihesabiwa na mashini za watu wasiojulikana, na walikuwepo waliotafuta pointi bila kufanya hesabu. Dawa yao, iliyomo mpaka leo ndani ya BOINC, programu ya kompyuta za kujitolea, ni kupeleka kazi ile ile kwa kompyuta mbili au zaidi na kupokea jibu zikikubaliana. Inakula nguvu maradufu, kwa hiyo baadaye wakalegeza: mashini yenye mfululizo mrefu wa majibu sahihi inapewa kazi peke yake, ila inashtukizwa mara mojamoja. Hapo alama za uaminifu zina maana, kwa sababu zinatokana na majibu yaliyokaguliwa.

Luis Sarmenta wa MIT aliandika njia nyingine mwaka 2001: kati ya kazi za kweli unachomeka kazi ambayo jibu lake unalo tayari. Kwenu ni rahisi sana. Kila usiku hesabu vipande vichache nyumbani, vichanganye na vya wengine, asubuhi linganisha. Visiwe vile vile kila siku.

Lakini shika hili kabla hujafurahi: kupeleka nakala mbili ni kuonyesha data kwa wenyeji wawili. Kila unapokaza ukaguzi wa jibu, unalegeza siri. Na nakala mbili zikiangukia mashini mbili za Kampemba hujakagua kitu, mwenye root ni mmoja na yawezekana hata diski zilinakiliwa kutoka moja. Nakala ziende maeneo mawili tofauti.

---

mashini_za_katuba (Lubumbashi)

Aksanti sana, mkubwa wangu wa Bukavu. Ni kriging ya kawaida, hakuna bahati nasibu. Memtest imeonyesha kibao cha RAM kimeoza kwenye mashini iliyotoa 2.87, na mashini yenyewe iko humu chumbani kwetu, hatua tatu kutoka kiti cha profesa. Amecheka, kisha hakucheka tena alipokumbuka ripoti ambazo zimeshatoka.

Papa wa Morogoro, nenosiri ni moja. Liko kwenye kila mashini tangu klasta ilipoanza, na vijana wa Katuba wanalo kwa sababu wao ndio waliozisimika zile za kwao. Nilibadilishe vipi bila kuzima kila kitu? Na profesa hataki kusikia Katuba wanatupwa nje.

---

mzee_wa_foleni (Morogoro)

Wasitupwe. Lakini nenosiri moja maana yake ni kwamba yeyote mwenye root popote anaweza kujitambulisha kama mashine yoyote ya klasta. Na kama faili hilo ndilo pia ufunguo wa kutia saini tokeni, anaweza kujichapishia tokeni ya profesa na kuwasilisha kazi kwa jina lake.

Hakikisheni mna toleo la 9.0 au la mbele yake. Lile la 2021 ndilo lililoanza kufunga milango bila kuombwa, matoleo ya nyuma yaliacha mengi wazi. Kisha funguo za saini zikae kwenye mashine kuu peke yake. Tengeneza ufunguo mmoja kwa kila eneo, na toa tokeni za eneo hilo kwa ufunguo wake:

`condor_token_create -identity kampemba@klasta.lan -key KAMPEMBA -authz ADVERTISE_STARTD -authz ADVERTISE_MASTER -authz READ`

Tokeni ya namna hii inaruhusu mashine kujitangaza na kusoma hali ya klasta tu. Haiwezi kuwasilisha kazi wala kubadili usanidi. Siku mkikosana na eneo moja, unafuta ufunguo wake na tokeni zake zote zinakufa, wengine hawaguswi. Unaweza kuhamisha eneo moja moja, wa nenosiri na wa tokeni wakae pamoja kwa muda. Wakishahama wote, nenosiri la zamani lizime siku hiyo hiyo, usiseme kesho.

Faida kubwa inakuja sasa. Kolekta ikishakagua tokeni, yenyewe inaandika kwenye tangazo sifa inayoitwa `AuthenticatedIdentity`. Hiyo mashine haijitungii. Kwa hiyo kwenye kazi za mashimo unaandika:

`requirements = (TARGET.AuthenticatedIdentity == "jiolojia@klasta.lan")`

Namba ya kijana haihusiki hapo kabisa.

Pia muwafikirie Kampemba. Nanyi mnawapelekea programu za watu wasiowajua. Kazi za nje zikiendeshwa zote na mtumiaji `nobody`, kazi moja inaweza kuchokoa faili za nyingine. Wape mtumiaji tofauti kwa kila nafasi, `SLOT1_USER` na kuendelea. Meneja anayekuita mdogo wake atafurahi kulisikia kwako kabla hajaliuliza.

Halafu mlinde mashine ya kuwasilishia kazi kuliko zote. Mei 2020 kompyuta kubwa kadhaa za Ulaya zilifungwa kwa wakati mmoja, ARCHER ya Edinburgh ikiwemo. Wavamizi waliingia kwa SSH (njia ya kuingia kutoka mbali) kwa vitambulisho vya watumiaji halali vilivyoibwa, na kuna mashine zilizokutwa zikichimba Monero, sarafu ya kidijitali. Mtu akija na ufunguo wa kweli, skedula inampangia kazi kama mwingine yeyote.

---

hesabu_za_kivu (Bukavu)

Naongeza ya saa, kwa kuwa sote tunaishi na delestaji, umeme wa mgao. Kompyuta za zamani betri ya ubaoni imekufa. Umeme ukirudi, mashini inaamka ikiamini ni mwaka 2009. Kwetu tuko na Slurm, mgawaji mwingine wa kazi, ambayo mashini zake zinatambulishana kwa MUNGE, na hati ya MUNGE inaishi sekunde 300. Nodi ya 2009 inakataliwa kila inachosema, mtu anadhani imevamiwa. Tokeni zenye muda wa kwisha nazo zinasoma saa. Chrony, programu ya saa, ianze na kusawazisha saa kabla condor haijaanza, na nunueni betri, bei yake haifiki ya chupa ya bia ya Simba.

---

seva_na_chai (Nairobi)

Ya kontena nimekubali, wazee. Kwa Katuba basi: programu iandike hali yake kwenye faili kila baada ya muda na kutoka na namba 85. Kwenye faili la kazi mnaweka `checkpoint_exit_code = 85` na `transfer_checkpoint_files`. HTCondor inahifadhi faili hilo upande wenu na kuendeleza kazi. Umeme ukikatika saa nane usiku mnapoteza dakika, si usiku mzima.

---

mashini_za_katuba (Lubumbashi)

Tokeni za Katuba zimeshakwenda, Kampemba ni wiki hii. Kazi za mashimo nimezifungia humu ndani, na foleni sasa imekuwa kama ya mafuta siku za uhaba. Profesa anauliza kama kuna njia yoyote ya kutumia nguvu za Kampemba bila kuwaonyesha mashimo.

---

hesabu_za_kivu (Bukavu)

Kwa kriging ya kawaida iko, na ni hesabu ya darasani. Uzito wa kila sampuli unatokana na umbali kati ya mashimo, na jumla ya uzito ni 1. Basi sogeza kuratibu zote kwa kiasi kimoja cha siri: umbali haubadiliki. Asilimia zote zizidishe kwa namba ya siri, ongeza nyingine ya siri. Jibu litarudi limezidishwa na kuongezwa vivyo hivyo, nawe unalirudisha nyumbani. Ukitaka kuzungusha ramani pia unaweza, ila kama variogramu yenu (kipimo cha jinsi sampuli zinavyotofautiana kadiri ya umbali) ina mwelekeo, mwelekeo uzunguke nayo. Msifanye hivi kama mnaanza kwa kuchukua logi ya asilimia, hapo hesabu inavunjika. Majina ya mashimo yafuteni.

---

mzee_wa_foleni (Morogoro)

Nzuri, na mipaka yake ijulikane: anayejua mashimo yalivyopangwa ardhini ataitambua sura hata ukiihamisha. Kwa eneo ambalo watu wameliona likichorongwa, libaki chumbani. Kwa maeneo mengine profesa aamue mwenyewe, kwa maandishi, asimwachie mwanafunzi.

---

mashini_za_katuba (Lubumbashi)

Ameamua hivyo: mradi mmoja unabaki ndani, mingine inakwenda imefichwa. Kijana anauliza kama skripti yake inatupwa.

---

mzee_wa_foleni (Morogoro)

Aiweke kwenye `rank` (upendeleo wa kuchagua mashine) ya kazi za kawaida, na namba zake zikae mashine kuu, zisiandikwe na nodi. Ila atenganishe sababu. Kwenye logi ya kazi, tukio 022 ni mawasiliano na nodi kukatika, 024 ni kushindwa kuunganika tena; bila kubadili kitu HTCondor inasubiri dakika 40 kabla ya kukata tamaa. Hayo ni umeme au mtandao, ayahesabu kwenye uhai wa nodi. Jibu lililokataliwa kwenye vipande vya mtego, vile ambavyo jibu lake mnalo tayari, alihesabu kwenye safu nyingine. Ya siri asiihesabu.